Betri Niliyomfungia Mjomba Wako

Nguvumali, Tanga
Baada ya magharibi

Mwanangu Nasra,

Assalaam alaykum. Wewe uko Kigombe unamuaga mjomba wako, mimi niko kibarazani, na mama yako yuko ndani anafungua tena begi lako alilokwisha kulifunga. Ya safari nimemwachia yeye. Nani atakupokea Dar es Salaam, utalala wapi, nguo gani usivae kazini, dawa gani unywe ukikohoa, yote hayo ameshayasema, na kesho atayarudia mpaka basi liondoke. Mimi sikushika kalamu kwa hayo.

Nimeshika kalamu kwa sababu mdomo umenishinda. Juzi ulipokuwa unafua uani nilikuja nikasimama nyuma yako, maneno nimeshayapanga kichwani. Ukageuka. Nikakuuliza kama sabuni ipo. Ukasema, "Ipo, baba, hii hapa." Nikarudi ndani. Sikuwa nimekuja kuuliza sabuni.

Nilikuja kuzungumza habari ya jicho la mjomba wako Bakari. Unaijua, najua unaijua, na hilo ndilo jambo lenyewe. Lakini hatujawahi kuizungumza mimi na wewe, na siwezi kukuacha upande basi nayo kifuani kama ulivyoishi nayo humu ndani. Kwa hiyo nitaisimulia tangu mwanzo, kama ilivyokuwa, bila kujipunguzia.

Mjomba wako alikuwa mzamiaji kabla hujazaliwa. Aliwapeleka wageni kwenye matumbawe ya Kigombe, akawaonyesha wapi chewa hulala, wapi pweza hujificha. Kila mgeni alimuuliza habari za silikanti, yule samaki wa kale anayenaswa na wavuvi wetu mara moja moja, naye akawacheka: "Yule kwake ni mbali, bwana. Mie nikifika huko sirudi." Mmoja katika wageni hao, mama mtu mzima aliyekuwa akipiga picha chini ya maji, alipoondoka alimwachia kamera yake ya zamani pamoja na flashi zake mbili. Flashi zilikuwa nzima ila betri zake zilikufa, na aina ile ya betri haikuuzwa tena popote.

Bakari alizileta dukani kwangu zimeviringishwa taulo, kama mtu aliyeokota mtoto.

"Shemeji," akasema, "hizi zinafufuka?"

"Mfufuaji ni Mungu," nikamwambia. "Lakini zilete."

Wakati ule duka la babu yako lilikuwa mikononi mwangu na lilikuwa linakufa polepole. Babu alianza kwa kuuza tochi na tambi za karabai, akaingia redio, na mimi nikarithi redio ambazo hakuna tena aliyezisikiliza. Nilikuwa natengeneza simu na kompyuta kama mafundi wengine wote wa Ngamiani. Bakari alipofungua lile taulo niliona kazi ambayo hakuna mwingine mjini aliyeijua. Hata mimi sikuijua, lakini hilo sikulisema.

Nilijifunza kwa kuharibu. Nilibomoa betri za kompyuta mbovu, nikatoa zile seli za ndani, za duara, ndefu kama kidole. Nikazipima kwa mita, mbovu nikazitupa, nzima nikaziunganisha kwa utepe wa nikeli mpaka zikaenea ndani ya kile kitundu cha flashi. Siku ya kuzijaribu tulizitumbukiza kwenye pipa la maji hapo uani na Bakari akabonyeza. Pipa zima liliwaka jeupe kama umeme wa radi, na wewe ukapiga yowe ukakimbilia kwa mama yako, halafu ukarudi ukasema, "Tena!"

Kesho yake alizama nazo. Aliporudi aliniletea picha ya pweza amekaa pangoni amekumbatia mayai yake, na pweza yule alikuwa mwekundu, mwekundu wa udongo wa Lushoto. Bakari alinieleza kwamba kule chini wekundu hufa. Kila kitu huwa cha buluu au kijivu, hata damu yako mwenyewe ukijikata. Alikuwa amemtazama pweza yule miaka na miaka bila kujua rangi yake. "Leo ndiyo nimemuona," akasema. Na macho yake mawili yalikuwa yanang'aa.

Nataka ujue kwamba ilikuwepo siku hiyo. Ilikuwa siku njema na mimi ndiye niliyeifanya. Ubaya wangu uliingia kupitia mlango huo huo wa wema.

Habari zilienea. Wazamiaji wa Pangani wakaja, wageni wakaja na flashi zao, watafiti wa samaki wakaja. Duka likapata uhai. Baba yako mkubwa, ambaye hakuwahi kufurahi nilipomwoa binti wa wavuvi, akaanza kuwaambia watu msikitini kwamba mdogo wake anatengeneza vitu ambavyo kiwandani vimewashinda. Nikaanza kuamini hivyo. Mtu akiniuliza kama betri zangu ni salama, nilicheka. Ipo bodi ndogo ya ulinzi ambayo fundi huifunga pamoja na seli, na seli moja ikizidiwa, ile bodi hukata umeme. Mimi sikuifunga. Niliwaambia watu haienei ndani ya flashi. Ukweli ni kwamba nilijaribu siku moja tu, nikaona inanichelewesha, nikaiacha.

Na wewe ulikuwa hapo. Ukitoka madrasa unakuja dukani, unakaa kwenye kile kigoda, unanipimia seli. Nilikufundisha kusoma mita kabla hujajua kusonga ugali. Watu waliona ajabu nami nikaona fahari.

Siku ile ya seli mbovu, Bakari alikuwa anangoja wageni wa kuzama nao asubuhi ya kesho yake. Walitoka mbali na wote ni wapiga picha. Flashi yake moja ilikuwa imechoka, nikamwahidi nitaifungia betri mpya ifikapo jioni. Seli nilizoagiza kutoka Dar hazikufika. Nikakusanya zilizokuwepo, na zote zilikuwa nzuri isipokuwa moja. Ile moja nilikuwa nimeijaza chaji, nikaiacha ilale, na nilipoipima tena ilikuwa imepungua bila kufanyishwa kazi yoyote. Seli ya namna hiyo ina ugonjwa ndani. Fundi yeyote anajua. Mimi nilijua.

Wewe hukuambiwa hayo. Uliichukua tu mkononi ukasema, "Baba, hii ina joto."

Nikakwambia, "Ni joto la mkono wako. Umeishika mno."

Ukaiweka mezani. Ukasubiri. Kisha ukainama ukaigusa kwa shavu, kama mama anayempima mtoto homa, ukasema, "Bado."

Nikaipokonya. "Nenda kamsaidie mama yako," nikasema. Ukashuka kwenye kigoda ukaenda. Nikaifunga ile seli katikati ya wenzake, nikazungushia nailoni, nikamkabidhi Bakari betri yake.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa naokoa nini. Bakari angeweza kwenda na flashi moja, mafundi wote wa picha wanajua hivyo. Picha zingetoka na kivuli upande mmoja. Kivuli tu, Nasra. Nilishindwa kumwambia shemeji yangu, "Leo picha zitakuwa na kivuli."

Yaliyotokea baharini nilihadithiwa na nahodha wao. Walikuwa wamekwisha kupanda botini, wanavua mitungi ya hewa, Bakari akasikia flashi ina moto mkononi. Ule mfuniko wake ulikuwa umevimba kidogo. Betri ikiharibika hutoa hewa, na chombo kilichozibwa ili maji yasiingie, hewa nayo haina pa kutokea. Wageni walikuwa karibu naye. Akasimama, akaenda mwisho kabisa wa boti, akawapa mgongo ili mwili wake uwe kati yao na ile flashi, akaanza kuufungua mfuniko taratibu aitoe hewa. Ukamrukia. Ukampiga usoni.

Nahodha alimuuliza njiani kwa nini hakuitupa baharini. Mjomba wako, damu inamtoka, akasema, "Ni ya shemeji. Amehangaika nayo."

Hospitali tulikuwa ukumbini. Mama yako, bibi yako wa Kigombe, baba yako mkubwa, mimi, na wewe umeshika mkoba wa mama yako. Daktari alikuwa ameshasema jicho la kushoto halitaona tena. Mama yako akanigeukia. "Hivi imekuwaje? Kitu gani kimetokea?"

Nikafungua mdomo. Wallahi nilidhani nitasema kweli.

"Maji yaliingia," nikasema. "Oringi haikupakwa grisi sawasawa."

Ile oringi, ule mpira mwembamba unaozunguka mfuniko, ni kazi ya mzamiaji mwenyewe kuusafisha na kuupaka kabla ya kuzama. Kila mtu pale alilijua hilo. Kwa maneno yale machache nilimwambia mama yako kwamba kaka yake amejipofua mwenyewe.

Baba yako mkubwa akatikisa kichwa. "Nilijua tu. Hawa jamaa vyombo vya watu hawavijui." Waliniamini upesi, na walinishangaza kwa upesi ule. Mimi ni fundi, mtoto wa duka la mjini. Bakari ni mtu wa mwambao, mtoto wa mvuvi. Uongo wangu ulikuta kitanda kimeshatandikwa. Bibi yako akainamisha kichwa. Mama yako akafunika mdomo kwa mtandio.

Wewe ulinitazama. Hukunitazama kwa hasira. Ulinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi. Ukangoja. Ulipoona nimenyamaza, ukatazama chini kwenye ule mkoba, na hujanitazama hivyo tena mpaka leo.

Hukusema. Hukumwambia mama yako, hukumwambia bibi yako. Ulikuwa mtoto na ukafunga mdomo wako kumstahi baba yako. Mimi nikakuacha ufanye hivyo.

Baada ya hapo, badala ya kukuomba msamaha, nilikufukuza. Unakumbuka nilivyosema kazi ya betri si ya mtoto wa kike. Mama yako alishangaa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikikusifia. Nilikiondoa kile kigoda dukani nikampa muuza kahawa. Nikasema umekua, nikasema masomo, nikasema watu watasema. Ukaja mara moja ukasimama mlangoni, ukauliza, "Nimekosa nini, baba?" Nikasema hukukosa kitu, ni utaratibu tu. Yaani nilikutendea kama mkosaji ili nisikuone.

Kwa mjomba wako ilikuwa mbaya zaidi kuliko jicho. Jicho alilipokea. Alisema Mungu ametoa mawili, amechukua moja, la pili ni mkopo. Kilichomla ni ile oringi. Nilikwenda kumjulia hali, naye kila nikienda ananirudisha palepale: "Shemeji, mie n'lipaka. Nakumbuka n'lipaka. Lakini labda ulipita unywele. Labda mchanga. Au labda siku ile sikupaka, nakumbuka ya jana yake." Alikuwa anavishikashika vidole vyake anaponiambia hayo. Nami nikajibu, "Ni ajali, Bakari, usijitese." Nilikuwa na dawa yake mfukoni, nikampa pole.

Akaacha kuzama. Watu walidhani ni kwa ajili ya jicho. Kamera akaifungia sandukuni. Waliokuwa wakimpa wageni wakasema ni hodari lakini ana uzembe, na jina hilo likamganda. Mama yako mwenyewe, alipokuwa na uchungu, alimwambia kaka yake mbele yangu, "Ungekuwa mwangalifu kidogo tu, Bakari." Yeye akaitikia, "Kweli, dada." Mimi nilikuwa nakunywa chai.

Kilichonivunja kilitokea Muheza, kwenye harusi ya binti wa binamu ya mama yako. Wanaume tulikaa nyuma ya nyumba, machungwa yamerundikwa, kila mtu anamenya lake. Akaja mwalimu mmoja wa sekondari, akamwamkia Bakari kwa heshima, akamwambia amesikia sifa zake, anataka kushuka naye mwambani apige picha za kuwaonyesha wanafunzi wake. Mjomba wako akatabasamu vizuri kabisa, bila chuki.

"Mie mzembe, mwalimu," akasema. "Tafuta mwenye mikono ya kuaminika."

Alilisema kama mtu anayetaja jina lake. Si la kusingiziwa tena. Lilikuwa lake.

Mwalimu alipoondoka nikaweka chungwa langu chini. Nikasema, "Bakari, oringi haikuwa na kosa."

"Oringi gani?"

"Ile. Uliipaka. Maji hayakuingia kamwe. Betri ilikuwa na seli mbovu."

Kisu kikasimama kwenye chungwa. "Umejuaje?"

"Niliiweka mwenyewe."

"Ulijua kabla ya kuiweka?"

"Nilijua."

Ndani wanawake walikuwa wanapiga vigelegele, bwana harusi ameingia. Bakari aliweka kisu chini. Akainyoosha mikono yake mbele, akaigeuza huku na huku, akaitazama kwa lile jicho moja.

"Kwa hiyo mikono yangu mizima," akasema.

"Mizima."

Akajifunika nayo usoni akalia. Mjomba wako, ambaye hakulia hospitali. Nilitaka kumshika bega, nikaona sina mkono wa kumshikia. Alipomaliza akajifuta kwa kofia yake, na akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Nani mwingine alijua?"

"Nasra."

"Nasra yupi?"

"Huyu wetu. Yeye ndiye aliyeishika ile seli akaniambia ina joto. Nikamfukuza. Na hospitali alikuwepo niliposema habari ya oringi."

Akasimama. Sijawahi kumuona vile, kabla wala baada. "Mtoto wa dada yangu," akasema, "aliniletea uji kitandani. Alinisikia nikijilaani. Alikaa pale ananisikia, na kifuani ana hilo? Ulimbebesha hilo?"

Nikainama kutazama maganda ya machungwa.

"Jicho nitakusamehe, shemeji. Si leo. Lakini nitakusamehe, maana ni langu. La mtoto si langu. Hilo kamwombe mwenyewe."

Kisha akaenda zake kituoni kupanda gari la kurudi, harusi haijaisha.

Nilimwambia mama yako tulipofika nyumbani. Hakupiga kelele. Aliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi, na asubuhi akakuchukua mkaenda Kigombe. Ramadhani ile nzima mlifuturu kule, nami nilifuturu peke yangu hapa kibarazani. Sijui walikuambia nini. Sikuwahi kuuliza. Katikati ya mwezi nilikwenda Kigombe, baada ya sala ya Ijumaa nikasimama mbele ya wazee na manahodha nikasema kwamba betri ilikuwa yangu na kosa lilikuwa langu, Bakari hakuzembea. Mzee mmoja akasema, "Umechelewa, lakini umefika." Baba yako mkubwa aliposikia akanipigia simu: "Ungekaa kimya tu. Watu walikuwa wameshasahau." Tangu hapo salamu zetu ni za mbali, na mimi sijazikimbilia.

Mama yako alirudi sikukuu ya Idi. Alinirudia kwa ajili yako, aliniambia hivyo wazi, na miaka ikapita ndipo nikahisi amerudi kwa ajili yangu pia. Mjomba wako akafungua sanduku, akaanza kuzama tena. Anasema jicho moja linatosha, kwani kamera yenyewe ina mangapi? Watu hucheka. Mimi hujaribu kucheka. Akinimiminia kahawa, nyingine humwagika pembeni ya kikombe kwa sababu jicho moja halipimi umbali, naye huendelea kuzungumza kama hakuona, na mimi hufuta meza kama sikuona.

Kila mtu nilimwomba msamaha, isipokuwa wewe.

Nilikuwa na sababu nyingi. Kwanza nilisema bado mdogo, hataelewa. Ukawa mkubwa, nikasema ameshasahau, nisimkumbushe. Nikasema si desturi, baba hamwombi mtoto. Zote nilizitengeneza kwa uangalifu mkubwa kuliko nilivyotengeneza betri ile.

Halafu mwaka jana nikaenda kwa Bakari nikakuta flashi zake mbili mezani ziko wazi. Ndani kulikuwa na betri ambazo si kazi yangu. Seli zimelala kwa mpangilio ambao sikuwahi kuufikiria, moja imegeuzwa ubavu, na pale pembeni pakapatikana nafasi, na kwenye nafasi ile imekaa bodi ya ulinzi, imeenea kama imezaliwa humo. Kila kiungo safi. Nikauliza fundi ni nani.

"Binti yako," akasema Bakari. "Hukujua? Kila akija Kigombe hufanya kazi hapa. Nilikuwa namnunulia vifaa."

Nilikaa chini. Nilikufungia mlango wangu, nawe ukaenda kufunga betri kwenye nyumba ya mtu niliyempofua, ukamwekea kile nilichosema hakiwezekani. Nilitamani nije nikusifu siku ile ile. Nikarudi nyumbani, nikakukuta unasoma, nikapita.

Kwa hiyo ulipopata kazi hii ya betri huko Dar nikakataa, na kelele nilizopiga unazijua. Nikasema betri zinaua, nikasema nimeona kwa macho yangu. Uliningoja nimalize, kisha ukauliza taratibu, "Baba, unaogopa betri au unaniogopa mimi?"

Niliondoka bila kukujibu. Jibu ni hili: nilikuwa nakuogopa wewe. Nimekuogopa tangu ukumbi ule wa hospitali. Wewe ndiye mtu pekee ulimwenguni aliyeniona nikichagua uongo, aliyeiona sura yangu wakati naukunjua. Wengine wote niliwaambia baadaye, kwa maneno niliyoyapanga. Kila nilipokutazama nilimuona yule mtu, nami nikakuadhibu wewe kwa sababu yake.

Sina mawaidha ya kukupa kuhusu kazi. Unaijua kunishinda. Ila kuna kitu kimoja nilichokijua baada ya kukipoteza: siku itakuja utakapokuwa mkubwa kazini, umechoka, wateja wanapiga simu, na mtu aliye chini yako atakwambia kitu ambacho hukutaka kukisikia. Utakuwa na jibu tayari na litakuwa jibu zuri. Ngoja kidogo kabla ya kulitoa. Nami sikwambii kwa sababu nakuona wewe ni wa hivyo. Nakwambia kwa sababu mimi pia sikujua kama ni wa hivyo mpaka siku ile.

Na ukikosea, maana kazi ile ina makosa, sema siku hiyo hiyo, ingawa sauti itatetemeka. Nilidhani nikikaa kimya kosa litabaki la ukubwa uleule na nitalikuta nikiwa tayari. Likawa linakula watu wapya. Lilianza na jicho, likala mikono ya mjomba wako, likala moyo wa mama yako, likaja kula utoto wako.

Mzazi humpa mtoto radhi anapotoka nyumbani. Zangu unazo, Nasra, zote, na ulikuwa nazo hata nilipokataa. Nenda kwa baraka. Lakini kwenye jambo hili aliyekosewa ni wewe, na radhi ninayoihitaji iko mikononi mwako. Kwa kukupuuza ulipokuwa sahihi, kwa kukubebesha uongo wangu ukiwa mtoto, kwa kukufukuza kama wewe ndiye uliyeusema, naomba unisamehe. Usinipe kwa sababu mimi ni baba yako. Ukiona bado, kaa nayo mpaka uione njia, na ukiona hapana, ni haki yako, nami nitabaki kuwa baba yako vilevile.

Barua hii nilikusudia kuiingiza begini, chini ya nguo, uikute ukishafika Dar na mimi niko mbali. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikaona kwamba hiyo nayo ni namna ya kukimbia. Sauti yako naisikia nje, unaagana na dereva wa bodaboda. Nakuja kukufungulia mlango. Nitakupa mkononi, na nitakaa mbele yako mpaka umalize kuisoma, nawe unitazame utakavyo.

Baba yako,
Iqbal